Kasha la Yehoyada na Gari Letu la Injili

Sisi tunaoandika haya ni wajumbe sita wa kamati ya gari ya usharika mmoja ulioko kati ya Ipinda na Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Mchungaji wetu ndiye aliyetuomba tuandike. Tulipomwuliza tuandike nini, alisema, "Andikeni habari ya gari, na msijipendelee." Tumejaribu kutii.

Gari lenyewe baadhi yenu mmeliona. Ni Toyota HiAce ya mwaka 1994, nyeupe, yenye paa lililoinuliwa na injini ya dizeli ambayo mafundi huiita 3L. Huko Japani mtu fulani aliligeuza kuwa nyumba ndogo ya safari. Nyuma lina mabenchi mawili. Ukishusha meza iliyo katikati yanakuwa kitanda cha watu wawili, na juu yake kuna ubao wa kulala mtu mmoja. Kuna kabati, jiko dogo la gesi, sinki, na dumu la maji la lita 20. Juu ya paa kuna kidirisha cha kupitisha hewa. Vijana wetu waliozaliwa huku na kufanya kazi Dar es Salaam walilinunua likiwa limeshatumika sana, wakaongeza viti vya kukunja, wakalituma nyumbani mwaka 2012 kwa ajili ya kazi ya injili. Watoto wa shule ya Jumapili wakaliita Ipyana, ambalo kwa Kinyakyusa ni neema, na jina likabaki.

Kabla ya hapo, mwinjilisti na timu yake walipokwenda kwenye mitaa ya mbali walilala nyumbani kwa washarika. Mnajua desturi yetu. Mgeni akifika, kuku anakamatwa, kitanda cha wenye nyumba kinatandikwa shuka safi, na wenyewe wanakwenda kulala jikoni. Kwa wiki nzima ya mikutano mzigo huo ulikuwa mkubwa, hasa kwa wajane. Ipyana lilitupunguzia aibu ya kula akiba ya watu tuliokwenda kuwahubiria.

Hata hivyo, mara ya kwanza tulipolala ndani ya gari huko Mwakaleli, mama mmoja alikuja alfajiri amefunga kanga kifuani, akatusimamia mlangoni. "Wazee wangu," alisema, "mnalala garini kana kwamba sisi hatuna nyumba? Watu watasema nini juu yetu?" Ikabidi tuelewane naye. Tangu siku hiyo wanaume wakawa wanalala garini, wakina mama wakapokelewa nyumbani, na unga na mchele tukawa tunakwenda nao sisi wenyewe. Usiku mwingine gari halikulaza mtu kabisa, kwa kuwa lilikuwa njiani kumpeleka mama mjamzito au mtoto mwenye homa hospitalini Matema. Kwa hiyo msituone kama watu waliohangaika na chombo cha anasa. Lilikuwa gari dogo na kuukuu, na wengi walilitegemea.

Sasa tuseme jinsi lilivyotunzwa, maana hapo ndipo dhambi yetu ilipo.

Katika usharika wetu, na pengine katika wenu, watu hutoa kwa furaha kwa ajili ya kitu kipya. Tukitangaza harambee ya kinanda, spika au sare za kwaya, magunia ya mpunga yanakuja, kokoa inakuja, ndizi zinapigwa mnada mpaka mkungu mmoja unauzwa kwa bei ya mikungu mitano. Lakini simama mbele uwaambie watu kwamba mnahitaji fedha za mpira wa rejeta. Kanisa lote linatazama chini. Mpira wa rejeta hauwekwi wakfu, na hakuna anayepiga picha mbele yake.

Nasi wajumbe hatukuwa tofauti. Katika miaka sita tulilinunulia gari pazia jipya, redio, vitambaa vya viti, na maandishi mazuri ya rangi ya bluu ubavuni yenye jina la usharika. Fedha ya matengenezo ilikuwepo kwenye bajeti kila mwaka, nayo kila mwaka ilihamishiwa kwenye jambo lililoonekana muhimu zaidi. Hakuna aliyekula hata shilingi. Vitabu vyetu vilikuwa safi, na usafi huo ulitufanya tusijichunguze.

Adui wa kwanza wa gari kama hili katika nchi yetu ni maji. Wilaya ya Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi sana Tanzania, na kuanzia Machi hadi Mei mito ya Mbaka na Lufilyo hujaa, na bonde lote la mpunga huwa kama sehemu ya ziwa. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, kwa hiyo wengine hudhani kwamba kutu si tatizo letu. Lakini tope la mashambani hung'ang'ania chini ya gari na kukaa na unyevu wiki nzima, na bati halijali kama maji ni ya chumvi au ya mvua. Tena magari mengi ya mitumba yametumika katika nchi yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, hivyo huja na kutu lililokwisha kuanza chini ya rangi.

Kwenye Ipyana maji yalipata mlango wao kwenye kile kidirisha cha paa. Mpira wa kuzuia maji ulikauka na kupasuka. Ilipoanza kuvuja, tulimpa kijana mmoja bomba la silikoni akapaka kuzunguka. Mwaka uliofuata akapaka silikoni juu ya silikoni. Palipovimba rangi, tulimwita mtu akapiga msasa, akapaka puti na rangi nyeupe, na gari likapendeza kwa Pasaka. Fundi yeyote atakuambia kwamba puti juu ya kutu ni kuifungia kutu ndani ili ile kwa utulivu.

Dereva wetu alikuwa mwinjilisti. Hatutamtaja jina. Ni mtu wa maneno machache, mkulima wa mpunga, mwenye watoto wanne, aliyekuwa akilipwa na usharika posho ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Alikuwa na daftari la gari. Kila safari aliandika tarehe, kilomita, mafuta, maji ya rejeta, na kasoro alizoziona. Kila mwisho wa mwezi alilileta kikaoni, nasi tuliweka sahihi.

Mwezi Mei 2018 Umoja wa Wanawake walikuwa na semina Tukuyu. Tuliidhinisha safari. Walipanda kina mama tisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwamo. Ninyi mnaoijua njia hiyo mnajua kwamba kutoka kandokando ya ziwa, kwenye mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, gari linapanda zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika Tukuyu. Ni kupanda tu, gia ya pili na ya tatu, migomba kulia na kushoto, na baridi inaanza kuingia dirishani. Injini ya gari hilo iko chini ya viti vya mbele. Walipokuwa katikati ya mlima, kina mama walisikia joto miguuni, kisha harufu, kisha mlio kama wa kitu kinachogongwa ndani ya sufuria. Mwinjilisti alisimamisha gari mara moja. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka na maji yote yamemwagika. Gari lilikuwa limechemsha vibaya sana. Gasketi ya silinda hedi iliungua, na hedi yenyewe ikapata ufa. Kina mama walikaa kando ya barabara kwenye manyunyu mpaka usiku, semina ikaanza bila wao, na gari likarudishwa nyumbani likivutwa kwa kamba.

Jumamosi iliyofuata tulikaa kikao. Tulikuwa na hasira, na tulikuwa na aibu mbele ya wale waliolinunua. Tulimwuliza mwinjilisti swali moja: "Hukuona mshale wa joto ukipanda?" Alisema mshale haukupanda. Tulicheka. Injini ichemke mpaka hedi ipasuke, na mshale usipande? Alisema, "Wazee, niliwaeleza habari ya dashibodi. Niliandika." Mmoja wetu alimjibu kwamba asitafute pa kujifichia. Mama aliyekuwa amekaa kiti cha mbele siku ile alikuja mlangoni mwa ofisi, akaomba kusema kwamba hata yeye aliuona mshale ukiwa chini. Tulimwambia kikao ni cha wajumbe.

Tukaamua kwamba gari limeharibika kwa uzembe wa dereva. Tukamnyang'anya ufunguo. Tukaamua akatwe shilingi 50,000 kila mwezi katika posho yake mpaka itakapotosha. Na Jumapili, wakati wa matangazo, tulilisoma hilo mbele ya usharika wote. Mke wake alikuwa amekaa na kwaya. Hakuinua uso mpaka ibada ilipokwisha, na baada ya hapo hakuonekana kwenye kwaya kwa muda mrefu.

Gari lilikaa chini ya mwembe wa kanisa miezi minane. Kuku walitaga ndani yake. Kila Jumapili tuliliombea, tena kwa bidii, kwamba Bwana afungue mlango. Mwezi Januari 2019, baada ya kuuza kokoa ya shamba la usharika, tulipata fedha za kuanzia, tukamwita fundi mzee kutoka Kyela mjini, mtu ambaye amefungua injini za namna hiyo tangu zilipoanza kuingia nchini.

Fundi huyo hakuanza na injini. Alilizunguka gari kimya, akalala chini, akapanda juu ya paa, akagonga hapa na pale kwa mpini wa bisibisi akisikiliza sauti. Kisha akauliza gari huwa linaegeshwa wapi. Tukamwonyesha: pale pale uwanjani, pua ikielekea ziwani, kwenye mteremko. Akatikisa kichwa. Akafungua dashibodi, akaingiza mkono, akatoa plagi moja ya nyaya. Ilikuwa ya kijani kama majani ya mgomba. Ncha moja ilikuwa imelika ikabaki unga.

"Huu ni waya wa mshale wa joto," alisema. "Waya huu ukikatika, mshale unalala chini kwenye baridi, hata injini ikiwa inaungua. Maji yametoka kule juu kwenye kidirisha, yakatembea ndani ya dari, yakashuka kwenye nguzo ya kioo, yakaja kukaa hapa. Hii si kazi ya mwezi mmoja, wazee wangu. Hii ni ya miaka." Kisha akauliza, "Dereva hakuwaambia? Hakuna daftari?"

Daftari lilikuwa kwenye kabati la ofisi. Tulilileta, tukalifungua juu ya bati la injini, sote tukisimama pale kwenye jua. Machi 2017, kwa mwandiko wa mwinjilisti: "Paa linavuja kwenye kidirisha. Maji yanaingia nyuma ya dashibodi. Naomba fundi." Chini yake, kwa mwandiko wetu: "Lisubiri baada ya Pasaka." Novemba 2017: "Paa bado. Nimeweka ndoo." Kwa mwandiko wetu: "Limepokelewa." Aprili 2018, wiki tano kabla ya safari ya Tukuyu: "Mishale ya dashibodi wakati mwingine inalala. Nadhani ni maji." Hapo hatukuandika neno. Tuliweka alama ya vyema na sahihi.

Siku ya safari yenyewe alikuwa ameandika: "Maji ya rejeta yamejaa. Twende kwa neema ya Mungu."

Ndugu msomaji, tumesikia mahubiri mengi juu ya toba, na baadhi yetu tumeyahubiri. Siku ile tulijifunza kwamba mtu anaweza kuweka sahihi yake chini ya kosa lake na asilijue kwa mwaka mzima. Tulisimama pale kimya mpaka fundi akatuonea huruma, akasema anakwenda kunywa maji.

Jioni ile ile tulikwenda kwa mwinjilisti, wote sita. Tulimkuta shambani akipalilia mpunga, maji yamemfika magotini. Alipotuona tumesimama kwenye tuta alitoka taratibu, akanawa mikono, akatuamkia kila mmoja kwa heshima kama siku zote. Mkubwa wetu kwa umri alianza kusema, akashindwa, mwingine akaendelea. Tulimwonyesha daftari. Tulisema tumemkosea, na fedha yote iliyokatwa, shilingi 400,000, tutairudisha kutoka mifukoni mwetu na si kwenye sadaka.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha alisema maneno ambayo hatujayasahau. "Wazee, mimi niliwasamehe zamani, maana nisingeweza kuhubiri nikiwa na kinyongo. Lakini mama watoto aliyasikia kanisani, na watoto waliyasikia shuleni. Mkinong'ona hapa shambani, kule bado panavuja. Kayasemeeni pale pale mlipoyasemea."

Tutasema kweli: tulitamani asingesema hivyo. Tulikuwa tumejiandaa kwa machozi na kukumbatiana, na baada ya hapo chai. Njiani kurudi mmoja wetu alipendekeza tangazo fupi, kwamba "suala la gari limemalizika kwa amani." Hilo lingekuwa puti jingine. Tulibishana mpaka tukafika kanisani gizani, na hapo, tukiwa hatujakubaliana, tukaomba.

Jumapili tulisimama wote sita mbele ya madhabahu wakati wa matangazo. Tulisoma maandishi ya daftari kama yalivyo, yake na yetu, pamoja na tarehe. Tulimwomba msamaha yeye, mke wake, watoto wake, na yule mama wa kiti cha mbele ambaye tulikataa kumsikiliza. Kanisa lilikuwa kimya. Kisha mama mmoja mzee, mwenye sauti ya kutetemeka, akasema kutoka nyuma, "Ndaga fijo," asanteni sana, na wengine wakaitikia. Mke wa mwinjilisti alirudi kwenye kwaya, ingawa si Jumapili ile. Alirudi baada ya Pasaka, na hatukuwa na haki ya kumharakisha.

Wiki hiyo mchungaji alitupa kazi ya kusoma Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Tulidhani tunaijua. Mfalme Yoashi aliamuru makuhani wachukue fedha iletwayo hekaluni na watengeneze mabomoko ya nyumba ya Bwana. Ukafika mwaka wa 23 wa utawala wake, na mabomoko yalikuwa bado. Biblia haisemi kwamba makuhani waliiba. Inasema tu kwamba kazi haikufanyika. Ndipo Yehoyada kuhani akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume wa mtu anayeingia. Fedha ya kasha hilo ilikwenda moja kwa moja kwa maseremala, waashi na wachonga mawe, na kununulia miti na mawe. Vyombo vya fedha na dhahabu havikutengenezwa kwa fedha hiyo, wala tarumbeta.

Tulipofika hapo tulitazamana. Mapazia, redio, na maandishi ya bluu.

Basi seremala wa usharika akatengeneza kasha la mbao lenye tundu, tukaliweka kulia kwa mtu anayeingia kanisani. Lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mzee wa kanisa, mwingine anao mama wa kiti cha mbele. Sharti lake ni moja tu: fedha ya kasha hilo hainunui kitu kipya. Inatengeneza kilichopo. Jumapili ya kwanza tulikuta shilingi 37,500. Si fedha nyingi, lakini fundi alisema inatosha mipira miwili ya rejeta.

Matengenezo yenyewe yalichukua miezi miwili, nasi tulikuwepo kushika tochi na spana. Fundi alikibandua kidirisha cha paa na silikoni zote, tabaka juu ya tabaka. Chini yake bati lilikuwa limeoza kama karatasi iliyoloa. Alikata mpaka akafikia chuma kizima, hata pale ambapo sisi tuliona panatosha. "Ukichomelea kwenye kutu," alisema, "unachomelea hewa." Akachomelea bati jipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaweka mpira mpya wa kidirisha, ndipo akaweka silikoni kidogo, mara moja. Mbao za dari zilizooza tulizitupa. Plagi za dashibodi alizisafisha moja moja kwa petroli na brashi, akabadilisha zilizolika, akazipaka grisi.

Rejeta ilitoa tope jekundu ndoo nzima, maana kwa miaka tulikuwa tukijaza maji ya mtoni. Sasa tunatumia dawa ya rejeta, na thamostati, ambayo fundi mwingine aliitoa zamani akisema huku kwenye joto haina kazi, imerudishwa. Hedi yenye ufa haikufaa tena. Tulipata nyingine ya mtumba Mbeya, ikapimwa unyoofu kabla ya kufungwa. Siku ya kuifunga, fundi alituonyesha kwamba bolti za hedi hukazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, na kwa awamu: zote kidogo, kisha zote zaidi, kisha zote kwa kipimo cha mwisho. Ukikaza moja mpaka mwisho huku nyingine zimelegea, hedi inapinda na gasketi haitadumu. Mchungaji alikuwa amesimama karibu. Alisema hapo pana mahubiri, lakini ametuachia tuyafikirie wenyewe.

Tumefikiri pia juu ya wale waliotutangulia katika kusafiri na nyumba kwenye ziwa hili. Wazee husimulia habari za meli Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901 na kupewa jina la askofu Mwanglikana aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895. Ilitengenezwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, na boila lake zito likavutwa nchi kavu na mamia ya watu mpaka ziwani. Ilikuwa kanisa, shule na zahanati, ikitembelea vijiji vya mwambao. Jina la askofu limebaki kwenye meli. Lakini meli haidumu miaka zaidi ya mia kwa jina. Wapo waliokwangua kutu, wakabadilisha bamba, wakapaka lami, mwaka baada ya mwaka, na majina yao hatuyajui. Zamani tungesema hao walikuwa vibarua wa kazi ya Mungu. Sasa tunadhani walikuwa wakiifanya kazi ya Mungu yenyewe.

Ipyana linatembea tena. Halijawa jipya. Milango yake inalia, na kwenye mlima linakwenda polepole mpaka bodaboda zinatupita zikipiga honi. Mshale wa joto unapanda mpaka katikati na kukaa hapo, na dereva kijana tuliyenaye sasa amefundishwa kuutazama, na pia kutouamini peke yake. Aliyemfundisha ni mwinjilisti. Tulimwomba apokee tena ufunguo; alikataa kwa upole, akasema mpunga na mahubiri vinamtosha. Hatukumlazimisha. Kuna vitu ambavyo hata vikitengenezwa vizuri huacha alama, na si haki ya aliyevunja kudai alama isionekane.

Lakini Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, siku ya kulikagua gari, huwa anakuja. Tunaosha tope chini, tunapima oili na maji, tunakamua mipira ya rejeta kwa vidole, tunaangalia mkanda wa feni, breki na betri. Kisha tunasoma daftari kwa sauti, kasoro moja baada ya nyingine, na hakuna ruhusa ya kuandika "Limepokelewa." Tunaandika nani atafanya na lini.

Mwisho wa yote tunajaribu paa. Ndoo ile aliyoiweka Novemba 2017 ili kukinga maji yaliyovuja bado ipo. Kijana anapanda juu nayo na kumimina maji taratibu kuzunguka kidirisha, na mmoja wetu wa kamati analala chali ndani, kwenye kile kitanda, akitazama juu na kupapasa dari kwa mkono. Tunafanya kwa zamu. Mwinjilisti anakaa kizingitini mwa mlango akisubiri kusikia jibu. Mwezi uliopita palikuwa pakavu.

Mtuombee, nasi tunawaombea ninyi wenye magari, mapaa, ndoa na vikao. Bwana atupe macho ya kuona tone la kwanza, na masikio ya kumsikiliza anayetuambia linadondoka wapi. Amina.